Akikuuliza Hali, Usiseme Njema

Mjukuu wangu Zeinabu,

Salamu zikufikie huko Nairobi. Sisi hapa Garsen tupo, na yule ng'ombe mwekundu wa mamako amezaa.

Unauliza kama nesi wa kwenye simu, asiyekuona wala kukugusa, anaweza kukusaidia na haya maumivu ambayo daktari ameyaita faibromayalja.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, mimi pia niliumwa mwili mzima, leo mabega, kesho nyonga. Watu walinong'ona kwamba nimerogwa. Nikawa naogopa hata kulala, nisije nikakosa kuamka. Mafuriko yalikuwa yamekata barabara ya Malindi, basi nesi wa huko akaniagiza nimpigie kwa simu ya dukani.

Nilishika simu. Nyuma yangu watu walingoja zamu, na kwetu mwanamke hata akijifungua hapigi kelele.

"Hali yako, mama?"

"Njema."

"Na maumivu?"

"Alhamdulillahi, salama."

"Basi nashukuru umepata nafuu. Kwaheri."

Nikaogopa: Akikata, nitabaki peke yangu na kitu hiki. Nikapiga kelele, duka zima likasikia: "Usikate! Naumwa! Naogopa nitakufa!"

Hakukata. Kisha akasema taratibu, "Haya hayaui, mama. Nakuamini. Niambie panapouma."

Leo magoti yameniamsha kabla ya adhana, wala sikuogopa. Mpigie, Zeinabu. Akikuuliza hali, usiseme njema.

Ni mimi nyanyako,
Habiba