Kitako Kipya cha Bunduki ya Baba

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu. Maneno ya baba siyafikishi kama yalivyo.

Tangu bibi azikwe na kiwanja kikagawanywa, baba na baba mdogo hawasemezani. Uzio mmoja tu katikati! Baba akiwa na neno ananituma mimi. Baba mdogo akiwa na jibu ananirudisha mimi. Mama anasema nina bahati, angalau mimi wananiona.

Leo baba kasema: "Mwambie mwizi huyo azibe pengo la uzio wake. Nguruwe pori wamepita kwake, wamenimalizia mahindi."

Nikaenda karakana kwa baba mdogo. Nikamwamkia, nikasema: "Baba anauliza kama utapata nafasi ya kutazama uzio."

Hakuinua hata randa. "Mwambie nguruwe hawajasomea mipaka. Kama anawaogopa, alale na mbwa."

Nikarudi nikamwambia baba: "Anasema atatazama."

Ndivyo ninavyofanya siku zote. Nikitamka matusi yao ulimi unakauka. Kwa hiyo ninayaosha njiani.

Alhamisi, 6 Machi

Pengo liko vilevile. Mahindi ya nyuma yote yamelala chini, yametafunwa nusunusu. Baba kanigeukia mimi. "Si alisema atatazama? Basi anatazama! Anatazama wanavyokula!" Uongo wangu umemfanya baba mdogo kuwa mwongo. Hilo sikulifikiria.

Jioni baba karudi na bunduki ya kuwindia. Kibali alikuwa nacho tangu mwaka jana, kilichobaki ilikuwa bunduki yenyewe. Ameinunua kwa mjane wa daktari wa mifugo. Nilikwenda naye kuichukua. Yule mama aliitoa nyuma ya kabati, imefungwa kwenye shuka, akaikabidhi bila kuiangalia. Kasema: "Marehemu aliipenda kuliko watu. Mwende nayo salama."

Imemzidi baba umri, hiyo bunduki. Mtutu una madoa ya kutu. Kitako, ule mti wa kuegemea bega, kimepasuka na kufungwa waya. Baba anaipapasa kama ng'ombe aliyemnunua mnadani.

Mama kaitazama mara moja tu. "Nguruwe wanazuiwa na ukuta pia," kasema, akarudi kwenye cherehani.

"Ukuta ajenge mwenye pengo," baba kajibu.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa fundi bunduki. Chumba chembamba, kinanuka mafuta. Fundi anafumba jicho moja hata akikuuliza umeamkaje. Watu wanamwita Jicho.

Kaifungua bunduki, kauchungulia mtutu, kaguna. "Mzee, huu mtutu bado una uhai. Mengine yote ni maiti."

Baba anataka kila kitu. Kitako kipya. Kifyatulio kilainishwe, kwa sababu sasa ni kigumu, ukikivuta bunduki nzima inacheza. Na darubini juu yake, ya kuonea mbali.

"Nguruwe wa wapi hao, wa mwezini?" fundi kauliza.

Mimi nilicheka. Baba hakucheka. Akanitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu. Njiani kasema nimesoma miaka yote ile na sauti yangu nimeiacha darasani, kicheko tu ndicho nilichorudi nacho. Namchukia akisema hivyo! Halafu namwonea huruma, kwa sababu alikuwa amebeba begi la bunduki tupu mgongoni na hakujua kama linaning'inia.

Jumatano, 12 Machi

Sijui niandikeje.

Baba kanituma tena kuhusu pengo. Kasema "Mwambie mbwa yule." Mimi nimesema "Baba anakusalimu." Baba mdogo kanisogezea kigoda. "Baba yako hajanisalimu tangu msibani, mwanangu. Kaa hapo."

Mezani kwake kulikuwa na kitako cha bunduki. Kipya, chekundu, anakipiga msasa. Fundi Jicho hachongi mbao, kazi za mbao anampa seremala. Na seremala ni yeye!

"Unajua ni cha nani?" nimeuliza. Kwa sauti, hata mimi nimeshangaa.

"Fundi hakuniambia. Kaniletea kipimo tu, lakini baba yako nilimwona akipita na begi la bunduki." Kakiinua, kakiweka begani mwake. "Kipimo chenyewe kibovu. Kapima kwa mkono ulionyooka. Mkono wa kulia wa baba yako haunyooki wote. Alianguka nilipokuwa nimembeba juu ya mabega. Mimi nilikuwa mkubwa kwa umbo ingawa yeye ndiye kaka. Nimekipunguza."

Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kwenye nyusi.

"Usimwambie," kasema. "Akijua atakipasua kuni. Na usidhani ni mapenzi. Sitaki bunduki imtegue bega halafu aseme ni mimi."

Jumamosi, 15 Machi

Bunduki imerudi. Siwezi kusema si nzuri. Mtutu unang'aa, darubini imekaa juu yake kama jicho la pili.

Tulikwenda machimbo ya kokoto kuipima. Baba kapiga boksi, fundi karekebisha darubini kwa bisibisi ndogo, baba kapiga tena. Mwishoni akapiga palepale pa alama. Kageuka, anacheka. Baba anacheka!

"Kitako hiki! Kimenikaa kama nimezaliwa nacho. Fundi, wewe ni bingwa."

Jicho kafungua mdomo, kanitazama, kaufunga. Kumbe naye anajua.

Kisha kasema, mkono wake juu ya bunduki: "Mzee, sikiliza. Kifyatulio sasa ni chepesi. Kidole kikipiga chafya tu, imelia. Ukimaliza unatoa risasi zote. Zote. Na unachungulia chemba, humo risasi inamokaa."

"Najua bunduki," baba kasema. Alikuwa ameshaanza kuifunga kwenye begi.

Jumapili, 16 Machi

Nguruwe hawakuja. Wala baba hakwenda shambani kuwasubiri.

Nilimkuta asubuhi kwenye dirisha la nyuma. Kaweka bunduki juu ya mto, jicho kwenye darubini. Dirisha lile haliangalii mahindi. Linaangalia karakana.

"Unatafuta nini, baba?"

"Natazama tu. Haina risasi." Bila kugeuka. "Anakunywa chai. Bibi yako kazikwa, yeye anakunywa chai kwenye kikombe cha marehemu. Unakiona? Kile cha bluu. Kilikuwa fungu langu."

Mimi sikukiona. Ni mbali. Yeye anakiona mpaka ua lililochorwa.

Nikamwambia mama. Mama kasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Mwache atazame. Mwanaume akichoka kutazama atalala." Lakini hakuendelea kushona.

Jumatatu, 17 Machi

Baba kaenda ghalani, kazini kwake kwenye mizani. Kaniachia kazi ya kusafisha bunduki. Mama hataki kuigusa, na mimi baba alinifundisha kule machimbo: unainua kile kishikio cha chuma pembeni, unavuta nyuma, kipande kizima kinatoka. Fundi anakiita bolti. Bila bolti, bunduki ni bomba na mti.

Niliinua. Nikavuta.

Risasi ikaruka kutoka ndani. Nzima. Ikagonga sakafu, ikabingirika chini ya kiti.

Haina risasi, alisema. Natazama tu, alisema. Jana asubuhi nzima, kidole kikiwa kwenye kifyatulio.

Nimejaribu kumtetea. Labda ilibaki tangu machimboni. Alifunga begi kwa haraka, hakuchungulia. Baba ni mtu wa kusahau, husahau hata miwani usoni. Labda. Lakini kama hakusahau?

Sijamuuliza. Sina sauti ya swali hilo.

Nimeitoa bolti yote. Nimeifunga pamoja na risasi ndani ya soksi zangu za shule, zile ndefu nyeupe ambazo hakuna atakayezihitaji tena. Bunduki nimeirudisha kwenye begi. Ukiibeba huoni tofauti.

Jumanne, 18 Machi

Ninaandika haraka.

Nguruwe wamekuja alfajiri. Siku zote hizi, wakaja leo! Baba kakimbilia begi. Nilimsikia akivuta zipu, kisha kimya, kisha kitu kikaanguka. Kaanza na mama. Mama kaapa. Mimi hakuniuliza. Hajawahi kuniuliza kitu ambacho si cha kutumwa.

"Basi ni yeye! Kapita pengo lake!"

Katoka na bunduki, kaishika mtutu kama rungu. Baba mdogo katoka karakana, nyundo mkononi. Sasa wako penye pengo lenyewe, huyu upande huu, yule upande ule. Wangenyoosha mikono wangeshikana. Na bado wamenisimamisha mimi katikati!

"Mwambie mwizi arudishe bolti yangu, la sivyo leo uzio huu utakuwa kaburi lake."

"Mwambie sikuingia kwake. Mwambie kama ningetaka kumharibia bunduki ningeharibu kitako nilipokuwa nakichonga."

Hapo hapakuwa na njia ya kuosha kitu. Wote wamesikia. Baba kakitazama kitako. Kakiweka begani, polepole, kakishusha. Kanigeukia, macho mekundu. "Kasema nini?"

Anajua kasema nini! Anataka kuyasikia kwangu.

Nimesema nakwenda kunywa maji. Glasi iko hapa, imejaa. Soksi ziko mapajani, nzito. Nikimpa bolti nampa na risasi. Nikinyamaza, ana rungu na yule ana nyundo. Nikisema ni mimi, itabidi niseme na kwa nini, mbele ya ndugu yake.

Wananiita. Wote wawili, kwa pamoja. Hawajafanya kitu kwa pamoja tangu bibi afe.

Naacha soksi chini ya godoro. Hapana, naenda nazo. We daftari, hukuniona nikizishika. Mtu yeyote akikufungua, hata mama, hujui ziko wapi.