Magimbi ya Chini ya Hospitali

Kimandolu, Arusha
9 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na yule ndama mpya? Sisi huku wazima.

Mama, nimezikumbuka mno Ijumaa zako za stoo ya dawa pale hospitali. Ulikusanya vidonge vilivyopita muda, ukaviponda, ukavimwaga kwenye sinki, nami nikakimbilia nje kuona mfereji ukigeuka njano. Halafu tukashuka kuchimba magimbi ya baba. Nimekumbuka kwa sababu hospitali imenituma kupima maji ya mfereji uleule.

Sikufichi. Yana mabaki ya antibiotiki, zile dawa za kuua vijidudu, na vijidudu vya mle vimeshazizoea, haziviui tena. Hospitali itaacha kumwaga dawa, na itajenga bwawa la matete la kuchuja majitaka kabla hayajafika mferejini. Fundi anasema panapofaa ni pale chini ya ukuta wa hospitali tu, kwenye magimbi. Shamba ni lako, tunaomba ridhaa yako. Na tafadhali, ndama asinywe maji yale.

Mwanao,
Elieshi

Kilalani, Meru
30 Machi 2024

Mwanangu Elieshi,

Marahaba. Bwana asifiwe. Goti lipo, linanikumbusha umri. Ndama mzima, na maji anakunywa yaleyale. Miaka yote kina mama wa huku tunachota pale kwa ajili ya ndama kwa sababu ni maji ya dawa. Leo wewe na vichupa vyako unatuambia ni mabaya?

Aliyemwaga ni mimi. Daktari mkuu alinisifu mbele ya wafanyakazi wote kwamba stoo ya Elinipa haina kidonge kibovu. Na miche ya magimbi yale marehemu baba yako aliibeba begani kutoka kwao, mwaka tuliooana. Hayang'olewi.

Mama yako

Kimandolu
18 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu uliponijibu, na mbili za kwanza hujazijibu. Sikulaumu, mama. Magimbi yale yamenilea hata mimi.

Jirani yako Nashipae ameniambia jembe lilikukata mguu mle mferejini mwezi Mei, na kidonda hakifungi hadi leo. Mbona hukuniambia? Nakuja Jumamosi.

Elieshi

Kilalani
7 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Asante kwa zile wiki mbili ulizoniogesha kama mtoto mchanga. Kidonda kimefunga. Dawa ya tatu ndiyo iliyokiweza. Zile mbili za kwanza nilizitambua kwa rangi tu, maana nilizimwaga miaka mingi.

Jumapili baada ya ibada nilisimama mbele ya kamati ya mfereji nikasema, "Aliyemwaga ni mimi, nikidhani nasafisha." Kisha Mama Elinaza, aliyekuwa ametoka kuchota mferejini, akaimwaga ndoo yake chini.

Jana nimeng'oa magimbi. Sikumruhusu fundi ayaguse. Nami sikufichi, nililia, nikamwomba baba yako radhi kwa sauti hadi fundi akaenda kusimama mbali. Magimbi yenyewe nimeyafukia, sikula wala sikugawa. Ndama anakunywa maji ya bomba sasa, na anaringa.

Miche mitano nimeifunga kwenye gunia, Manase, mtoto wa Nashipae, atakuletea. Ipande hapo uani kwako. Ukichimba gimbi la kwanza usilipike mpaka nifike.

Mama yako,
Elinipa