Ndoo ya Udongo Mweupe

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Goti la bibi yako limepunguza kuuma, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Umeniuliza kwa nini, nilipokuja hotelini unakofanya kazi, sikutaka kulikaribia bwawa la kuogelea.

Kabla ya Uhuru nilitunza chujio la bwawa la Wazungu, huko mgodini Geita. Tulisuuza vitambaa vyake, kisha tukakoroga kwenye maji udongo mweupe, laini kama unga, uvigandie na kunasa uchafu. Siku moja mama yangu alikuja kunitembelea kutoka Ushirombo. Kuona maji mengi vile, akainama akanawa vumbi la njiani. Msimamizi wangu, Mzungu, akaniambia kwa Kiingereza kwamba maji yameingia uchafu, nisafishe chujio na kuweka udongo mpya, sasa hivi.

Mama hakuelewa. Alidhani nimeruhusiwa kumwonyesha kazi yangu. Akaninyang'anya ndoo ya udongo, akaibeba mwenyewe mpaka kwenye chujio.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Wamekuamini."

"Asante, mama," nikajibu, macho chini.

Mpaka anakufa aliwasimulia majirani siku ile, nami nimekaa pembeni yake, naitikia.

Babu yako