Magamba ya Naliaka

Jumatatu, 3 Machi. Kitale
Magamba arobaini na moja kabla ya chai. Konokono wadogo wa baharini, wanaoishi juu ya mwani. Gamba lao ni kofia tu, halina msokoto. Kushoto nimeweka membamba, kama punje za mchele. Kulia mapana. Mama ameuliza kama nitaolewa na konokono. Sikucheka.

Kila nikipima namsikia Naliaka akitaja urefu, kama chuoni, yeye akisoma na mimi nikiandika. Alikufa Desemba. Siku nne za homa.

Jumanne, 4 Machi
Tasnifu yangu inasema ni spishi mbili. Naliaka alisema ni moja. Konokono akiwa mchanga hukaa kwenye jani jembamba la mwani, na gamba hukua refu kwa kulifuata jani. Akikomaa huteremka shinani, penye nafasi, gamba likapanuka. Mbele ya msimamizi wetu nilimwambia anachanganya mambo kama mahindi na maharagwe kwenye githeri. Darasa zima likacheka. Hakunisemesha tena. Kisha ile homa.

Leo nimeweka gamba pana chini ya lenzi. Karibu na kilele kuna mstari hafifu. Huenda ni kovu la kuhama. Huenda ni uchafu. Konokono wa umri wa kati wangeonyesha wazi, na mimi sina hata mmoja. Naliaka alikuwa nao, mkebe mzima. Ulipelekwa kwao Sirisia pamoja na sanduku lake.

Natakiwa kuwasilisha Ijumaa. Naogopa meza yangu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi. Sirisia
Mama yake Naliaka alinishika mikono yote miwili. Nilipouliza kuhusu mkebe, alinijibu bila wasiwasi: magamba aliyaponda. Kuku wakikosa magamba hutaga mayai laini. Alikuwa akiwapa konzi kwa konzi tangu Januari. Konzi ya mwisho ilikuwa asubuhi hiyo, na hiyo hata hakuiponda vizuri.

Nilitaka kupiga kelele. Ningemlaumu nani?

Alichinja kuku wa mgeni. Nikaomba kumsafisha mimi. Nilipasua firigisi. Changarawe, vipande vyeupe, na gamba moja zima. Jembamba juu, pana chini, katikati ukingo unaoonekana bila lenzi. Mtoto amekaa juu ya mtu mzima, hajaondoka.

Niliketi chini, mikono ina damu.

Firigisi ni ya mwenye boma. Baba yake Naliaka alizikwa zamani. Mama yake akaiweka kwenye sahani yangu. "Kula. Leo wewe ndiye umekuja kwa ajili ya mwanangu." Nilikula.

Ijumaa, 7 Machi
Sikuwasilisha.

Jumapili, 9 Machi. Kitale
Nimemwandikia msimamizi. Spishi ni moja. Aliyeona ni Naliaka. Mimi nililifanya darasa limcheke. Hajajibu. Huenda nikarudia mwaka.

Mama yake Naliaka alipiga simu baada ya kanisa. Nikamwambia yote, hata githeri. Kwamba bintiye hakukosea.

"Alijua utakubali," akasema. "Alisema, ati wewe ni mtu wa kuchelewa tu."

Baadaye akauliza hao konokono wanakula nini. Mwani, nikasema, huo huo wanaokaa juu yake. Akasema sawa. Kuku walikuwa wakisikika nyuma yake. Hakukata simu, na mimi sikukata.