Chupa Tatu za Shosho

Jumatatu, 11 Agosti

Sijamwambia mtu hili. Chupa zote tatu ni kitu kimoja.

Asubuhi nampa Shosho, nyanya yangu, uji, kidonge cha presha, halafu vidonge vya chupa. Nyeupe ni ya shangazi, Tata Wanja wa Embu, binti wa Shosho. Ya kijani ni ya Mama Kinoti, mwenyekiti wa akina mama kanisani. Ile kubwa ni ya mke wa pasta. Majina mbalimbali, rangi mbalimbali. Lakini mimi husoma maandishi madogo. Kalsiamu. Kalsiamu. Kalsiamu na vitamini D.

Shosho aliteleza kwenye shamba la viazi, akavunjika mkono. Watu wakaja kumwona. Kwa mgonjwa huingii mikono mitupu. Zamani walileta ndizi na maziwa, siku hizi chupa za vidonge vya mifupa. Na huwezi kumeza ya huyu ukaacha ya yule. Aliyeleta atarudi, na lazima akute imepungua.

Nimechoka. Likizo gani hii. Nateka maji, napika, namfungia Shosho leso shingoni ibebe mkono wenye plasta. Ningesema siku ile ile chupa ya pili ilipokuja. Lakini wageni wakijaa sebuleni mimi hukimbilia jikoni, ati naangalia chai.

Jumatano, 13 Agosti

Mama Kinoti amepita. Hata hajakaa: "Mama, ile yangu unakunywa ama umewekea panya?" Wakacheka. Shosho akaniambia nilete. Alikuwa ameshameza asubuhi. Akameza tena, viwili, akafungua mdomo Mama Kinoti aone vimeshuka.

Nilisimama na glasi ya maji.

Shosho hali tena githeri yake ya mahindi na maharagwe. Tumbo limefunga, anasema. Kiu haimwishi.

Alhamisi, 14 Agosti

Kliniki, Meru mjini. Kiswahili cha Shosho ni cha sokoni tu, kwa hivyo mimi ndiye mdomo wake. Presha imepanda kuliko mwezi uliopita. Daktari akauliza kama kuna dawa nyingine anazotumia, hata za kununua. Nikamuuliza kwa Kimeru. Akasema hakuna, zile zingine ni zawadi.

Zawadi. Kwake dawa ni ile inayotoka hospitali.

Nikamwambia daktari, "Anasema hakuna."

Ni kweli, alisema hivyo. Na bado nimedanganya.

Daktari ameongeza dawa ya presha. Sasa ni vidonge viwili. Najichukia.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimempa viwili. Na zawadi zake zote.

Jumamosi, 16 Agosti

Miguu imemvimba, viatu vya kanisa havimwingii. Akiinuka anashika ukuta kwanza.

Nimesoma karatasi iliyo ndani ya pakiti ya presha. Hiyo dawa huzuia kalsiamu kuingia kwenye misuli ya mishipa, mishipa ilegee, damu ipite bila kusukumwa kwa nguvu. Nikakaa chini. Mkono mmoja unazuia, mwingine unamwaga.

Nilitaka kuzitupa chooni zote. Nikaogopa tena. Presha ilipimwa akiwa anazimeza, na dawa ikaongezwa kwa presha hiyo. Nikiziondoa kimyakimya na vidonge viwili vibaki, si itashuka mno? Mimi ni wa Fomu Tatu. Siwezi kupima hiyo kwa kichwa.

Namba ya kliniki iko kwenye kadi. Kupiga simu! Mimi, ambaye nikitumwa mkate narudia maneno njia nzima.

Kesho Tata anakuja.

Jumapili, 17 Agosti

Tata Wanja amekuja na chupa ya nne. Ati ile ikiisha Shosho asikae bila. Shosho akainuka kumsalimia, akayumba, akaangukia kiti. Macho yakageuka kidogo. Tata akapiga nduru.

Nikasema. Kwa sauti. "Tata, zote ni kalsiamu! Na daktari hajui!"

"Huyu ameanza kuongea lini?" Halafu akakasirika. Kwani yeye amemletea mama yake sumu? Nililia, aki, lakini sikunyamaza. Nilizipanga chupa mezani, nikaweka kidole kwenye kila lebo. Alisoma. Akakaa.

Nikapiga simu mwenyewe. Wakasema tuje sasa, na tubebe kila kitu anachomeza. Tukatia zote kwenye kiondo, jirani akatupeleka na pikapu.

Daktari alikuwa yule yule. Alimpima Shosho ameketi, kisha amesimama. Akisimama presha inaanguka. Akamtoa damu ya kupimwa. Akasema kalsiamu ikizidi inaweza kuipunguzia dawa ya presha nguvu, na yenyewe pia inadhuru. Au pengine presha ilipandishwa na maumivu ya mkono. Hawezi kujua akifichwa. Kidonge cha presha kirudi kimoja. Chupa zote zisimame hadi majibu ya damu yatoke. Tusiongeze wala kupunguza chochote kabla ya kuuliza.

Akaniangalia. "Siku ile nilikuuliza."

"Ndiyo. Nilinyamaza."

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali.

Jumanne, 19 Agosti

Majibu ya damu: kalsiamu imepanda, si sana. Anywe maji, apimwe tena wiki ijayo. Akihitaji ya mifupa, daktari atasema ipi na kiasi gani. Moja.

Leo amekula githeri. Kidogo, lakini amekula. Ameinuka bila kushika ukuta.

Chupa ziko kabatini na glasi za wageni. Shosho amekataa zitupwe, zawadi haitupwi. Nikamuuliza, na Mama Kinoti akitaka kuona zimepungua? Akasema nitamjibu mimi, kwa sababu mdomo nimeupata. Akacheka mpaka akashika plasta.

Nasikia viatu vya gambuti vikikanyaga uani. Ni Mama Kinoti, anaimba wimbo wa kanisa. Siku zingine daftari hili lingekuwa chini ya mto na mimi niko jikoni.

Naliacha wazi hapa. Naenda kufungua mlango.