Kibofu cha Mbuzi na Tangazo la Tatu

Jumapili, 13 Januari 1957
Hili sijamwambia mtu. Hata kitubioni sikulisema. Leo Padre alipotangaza ndoa yangu na Telesphor, mara ya kwanza kati ya tatu, akauliza kama kuna anayejua kizuizi — niliomba mtu asimame. Yeyote! Akakohoa mzee mmoja, basi.

Telesphor si mbaya. Hanywi. Lakini yeye atabaki mgodini hapa Mpanda, mimi nipelekwe Usevya kwa mama yake, nilime mpunga. Sista Imakulata alinitafutia nafasi ya ualimu. Baba akasema nimeshasoma vya kutosha.

Jumatano, 16 Januari
Nasuka mkeka. Sitoki, mchumba hazururi. Hata kisimani siendi bila mdogo wangu Kalista.

Nakumbuka somo la mwisho la Sista. Nyota ziko makundi makundi, na makundi hayo yanaachana, kila siku mbali zaidi. Zamani sana vyote vilikuwa pamoja, vimebanana kabisa, kisha vikaanza kutawanyika. Aliyevianzisha ni Mungu, alisema Sista.

Vyote vinakwenda! Mimi nipo hapa na mkeka.

Jumapili, 20 Januari
Tangazo la pili. Kimya tena.

Mchana wakwe walikuja, Baba akachinja mbuzi. Nikaosha kibofu, nikakitia madoa ya mkaa, nikakipuliza kwa bua la jani la mpapai ili Kalista aone nyota zinavyoachana. Kila doa likawa linaachana na mwenzake.
— Lipi liko katikati, dada?
— Hakuna.
— Sasa Mungu anakaa doa gani?
Nikacheka! Sijacheka hivyo tangu shule. Kugeuka — shangazi yake Telesphor, Mama Lusia, mlangoni, sahani mkononi. Akaiweka sahani chini, akaondoka.

Alhamisi, 24 Januari
Mama Lusia amelisema mtaa mzima wa Majengo. Eti nimefundishwa dunia ilijipuliza yenyewe kama kibofu, na Mungu namcheka. Kwao hawaoi mpagani. Mama analia: "Umetuvua nguo, we mtoto!" Baba haongei na mimi.

Na mimi — Mungu nisamehe — nimefurahi. Kizuizi kimepatikana.

Jumamosi, 26 Januari
Padre yuko barazani na Baba na Mama Lusia. Sista naye kaitwa, kakaa peke yake kwenye kigoda kama mshtakiwa. Nasikia yote, ukuta ni matete tu.

Mama Lusia anasema shule ndiyo imeniharibu, huyo Sista aondolewe. Padre anasema kesho hatangazi mpaka nijibu: naamini Mungu ndiye aliyevianzisha vyote, au siamini?

Nikisema siamini, nimepona. Ila Sista atafukuzwa. Nikisema naamini — na naamini kweli, alivyonifundisha yeye — kesho tangazo la tatu. Halafu Usevya.

Sista amesema neno moja tu: mwacheni aseme mwenyewe.

Baba ananiita. Sasa mara ya pili. Nakuficha chini ya mkeka, daftari langu. Nitakalosema watalisikia wote. Lakini wewe usimwambie mtu, na Sista hasa usimwambie, kwamba Baba ameniita mara ya tatu na bado nimekaa, sijachagua.