Nimeomba Kuhama Timu, Wakacheka

Jumatano, jioni. Upepo wa hapa Singida umepiga kutwa nzima, chumba changu cha Utemini kimejaa vumbi hadi kwenye shuka. Sijafagia. Nina hasira, acha niandike kwanza.

Nilitoka Songea kuja kujifunza ufundi wa mashine za kukamua alizeti. Ndivyo nilivyoambiwa: wewe ni mwanagenzi, utajifunza kazini, mwisho utafanyiwa mtihani kwenye mashine. Niliishia kidato cha pili, nafasi kama hii siipati tena. Lakini tangu nifike niko timu ya magunia. Nabeba alizeti kuingiza, nabeba mashudu, makapi yaliyokwisha kukamuliwa, kutoa. Mashine naisikia tu ikinguruma upande wa pili wa ukuta.

Mtihani ni wiki ijayo. Nitaulizwa kitu ambacho sijawahi kukigusa.

Kiongozi wa timu yetu ni Maganga, Msukuma. Mimi Mngoni. Kwa hiyo sisi ni watani kwa makabila yetu, na mtani akikutukana hukasiriki, unamrudishia. Mwanzoni nilifurahi sana. Ugenini, mtani ni ndugu. Sikujua atautumia huo utani kuniziba mdomo. Kila nikimwomba anihamishie timu ya mashine, jibu ni moja: "Mtani, babu zenu walituibia ng'ombe. Beba magunia mpaka warudi wote!" Watu wanacheka. Na mimi nacheka, mjinga mimi.

Leo asubuhi nikamruka. Nilikwenda kwa Mama Neema, msimamizi wa wanagenzi, nikamweleza yote. Alikuwa ananisikiliza vizuri tu, mpaka Maganga alipochungulia mlangoni.

"Mama, usimsikilize huyo. Mtani wangu, ananichongea tu."

"Kumbe mnataniana!" Mama Neema akacheka. "Haya, nendeni mkamalizane huko."

Mkamalizane!

Nilitoka. Ningefoka pale, ningeonekana mtu asiyejua mila. Ningenyamaza, ningerudi kwenye magunia. Hapo ndipo wamenibana.

Nje Maganga akanipokea kwa kicheko. "Umeshindwa, mwizi wa ng'ombe!" Timu nzima ikageuka kusikia nitamrudishia nini.

Nikainama kidogo, nikasema, "Shikamoo, kiongozi."

Kicheko kikakatika. Maganga amenizidi umri kidogo, lakini mtani haamkiwi hivyo. Mtani unamtukana, basi.

"We mtani, vipi?"

"Shikamoo, kiongozi," nikarudia.

Mzee Njoka, Mnyaturu wa Mtinko tunayebeba naye, akatua gunia lake. "Maganga, mwenzako ameacha utani. Itikia."

Hakuitikia. Akaondoka, na hadi tunatoka kazini hakunitania tena. Alikuwa akinitazama kama mtu aliyepigwa.

Sikumwonea huruma. Au labda kidogo, maana yeye ndiye aliyekuwa ananichekesha siku nilizokumbuka nyumbani. Sasa sina mtani hapa. Lakini nirudi Songea niwaambie nini, kwamba nilichojifunza ni kubeba?

Kesho naingia tena kwa Mama Neema, kabla hajamaliza chai yake. Naomba kile kile: timu ya mashine. Na Maganga akichungulia kusema ni utani, namwamkia mbele ya Mama. Ama aitikie, akubali utani umekwisha, nionekane nasema kweli. Ama anyamaze, ashindwe kunitania, nionekane vivyo hivyo.